Somo la Video na Safari Yake hadi Getanuwas

Mwanafunzi wa kidato cha pili katika kata ya Getanuwas, wilayani Hanang, na mwenzake wa Kinondoni hukaa siku moja mbele ya karatasi moja ya Baraza la Mitihani. Wakijiandaa kwa video ileile ya hisabati iliyoko mtandaoni, kila mmoja huona kitu tofauti. Wa Kinondoni anasoma kila namba iliyoandikwa ubaoni. Wa Hanang, mtandao ukiwa umelegea, anaona ukungu mahali palipoandikwa kiasi na asili ya sehemu. Hapo hakuna mtambo ulioharibika. Tovuti kubwa za video hutunza kila video katika matoleo kadhaa, kwa mfano kuanzia mistari 1080 ya picha kushuka hadi 144, na kicheza video huteremka ngazi kila mtandao unapozidiwa ili picha isikwame. Utaratibu huo ulienea baada ya Apple kutoa mfumo wake wa aina hiyo mwaka 2009, na kwa mechi ya mpira unafaa sana, kwa sababu goli linaonekana hata kwa mistari 240. Kwa namba zilizoandikwa kwa chaki, mistari 240 ni sawa na kufuta ubao.

Watu wanaotengeneza kozi za kidijitali hulijua tatizo hili kwa sura nyingine. Wamerekodi vizuri, wamehariri vizuri, kisha wakati wa kuitoa kozi kwenye programu na kuipeleka kwenye mfumo wa kujifunzia, video inatoka imefifia, herufi zimevimba kingo, uso wa mwalimu umegawanyika vipandevipande. Wanaanza kutafuta kitufe cha kurekebisha. Kitufe kipo, nami nitakifikia, lakini nadhani kimepewa uzito kuliko kinavyostahili. Ubora wa video ya somo huamuliwa zaidi na mambo mawili: video imebanwa mara ngapi tangu kamera izimwe, na kama mtengenezaji alijua tangu mwanzo ni kitu gani kwenye picha hakiruhusiwi kupotea.

Tuanze na kubanwa kwenyewe. Video isiyobanwa ni kubwa mno kubebeka, kwa hiyo kila kamera, hata ya simu, hubana wakati inarekodi. Kodeki (kanuni ya kubana na kufungua video) iliyotawala dunia tangu mwaka 2003, H.264, hugawa picha katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, ikatazama ni miraba ipi imebadilika kutoka fremu iliyotangulia, ikahifadhi mabadiliko tu, na katika mabadiliko hayo ikatupa undani ambao jicho la kawaida halitaukosa. Kilichotupwa hakirudi. Ukiifungua video hiyo na kuibana tena, mashine ya pili haijui kwamba kingo za ile miraba ni makovu ya ubanaji wa kwanza. Inayaona kama sehemu ya picha, inatumia nafasi kuyahifadhi, na ili kupata nafasi hiyo inatupa undani wa kweli uliokuwa umebaki. Ndiyo maana faili lililobanwa mara nne linaweza kuwa na megabaiti nyingi na bado likawa baya: linahifadhi uchafu kwa uaminifu.

Sasa fuatilia safari ya kawaida ya video ya mafunzo nchini kwetu. Mwalimu anarekodi kwa simu kwa mistari 1080. Simu nyingi hapo hutumia megabiti 10 hadi 20 kwa kila sekunde, na picha ni nzuri. Anaituma kwa mhariri kwa WhatsApp, ambayo huipunguza ukubwa na kuibana upya. Mhariri anaikata, anaongeza kichwa cha habari, anaitoa, imebanwa tena. Mtengeneza kozi anaiingiza kwenye programu kama Articulate Storyline, Adobe Captivate au iSpring, na programu, isipoambiwa vinginevyo, inaweza kuibana wakati wa kuchapisha kozi. Ikipelekwa YouTube inabanwa tena huko. Kisha mwalimu aliyeipata anaipakua na kuwarushia wenzake kwenye kundi la WhatsApp la shule. Kufika Getanuwas imeshapita mikono mitano, na lawama zote anabebeshwa wa mwisho, mtandao wa kijijini.

Mkono wa kwanza ndio rahisi kuuondoa, na ndio unaoharibu zaidi. WhatsApp haigusi ndani ya faili linalotumwa kama hati. Tangu mwaka 2022 hati inaweza kufikia gigabaiti mbili, na hiyo inatosha kwa somo lolote la darasani. Anayerekodi akichagua "hati" badala ya "picha na video", mhariri anapata kilekile kilichotoka kwenye kamera. Hata bora zaidi ni kumpa kadi ya memori mkononi. Laiti kila mradi wa mafunzo ungeandika jambo hili moja kwenye maelekezo yake, nusu ya malalamiko ya ubora yangekwisha kabla ya kufika kwenye programu yoyote.

Katika programu za kutengeneza kozi, kanuni ni kuiambia programu isibane kilichokwisha kubanwa vizuri. Nyingi huwa na kipimo cha ubora kwenye dirisha la kuchapisha, na baadhi huruhusu kuachia video ya MP4 ipite kama ilivyo. Anayeacha kila kitu kwenye "otomatiki" amemkabidhi fundi asiyejua somo uamuzi wa nini kitupwe. Lakini ili kuiruhusu video ipite kama ilivyo, lazima uwe umeiandaa mwenyewe kabla, kwa ukubwa ule ule itakaoonyeshwa ndani ya ukurasa wa kozi. Kwa kazi hiyo zipo programu za bure, HandBrake na FFmpeg, na mantiki yake ni ya kuelewa mara moja. Badala ya kuiambia mashine "tumia kilobiti kadhaa kwa sekunde", unaiambia "nipe ubora wa kiwango hiki, kisha utumie biti zozote utakazohitaji". Kiwango hicho kwenye H.264 huenda kutoka 0 hadi 51, na namba ndogo ni ubora mkubwa zaidi. HandBrake hupendekeza 19 hadi 23 kwa video ya mistari 720, na 20 hadi 24 kwa ya 1080. Mwalimu aliyesimama mbele ya ukuta mweupe atatoa faili dogo, mbuzi wanaokimbia watatoa kubwa, na vyote viwili vitaonekana vizuri sawasawa.

Hesabu za ukubwa ni nyepesi na kila mtengeneza kozi anapaswa kuziweka kichwani. Megabiti moja kwa sekunde ni megabaiti 7.5 kwa dakika. Somo la dakika 10 kwa megabiti 5 kwa sekunde ni megabaiti 375. Somo hilohilo kwa kilobiti 800 ni megabaiti 60, na kozi nzima ya saa tatu ni gigabaiti moja na kidogo, inayoingia kwenye kadi ya memori ya bei ya chini na kubakiza nafasi tele. Kati ya 375 na 60 ndipo ilipo kazi yote ya mtaalamu: kufika kwenye 60 bila mwanafunzi kupoteza chochote anachohitaji.

Kuna kosa moja dogo ambalo limeharibu kozi nyingi za kompyuta, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Laptopu nyingi za ofisini na mashuleni zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Mkufunzi anarekodi kioo chake chote akiwaonyesha watumishi jinsi ya kujaza mfumo wa taarifa za shule au wa kituo cha afya. Kisha anaitoa video kwa 1280 kwa 720, kwa kuwa ndicho kipimo kinachopendekezwa. Kutoka 1366 kwenda 1280 hakugawanyiki kwa usawa. Mstari wa herufi uliokuwa na unene wa pikseli moja kamili sasa unaangukia katikati ya pikseli mbili, na programu inaupaka kijivu kwenye zote mbili. Herufi ya "e" inajaa tumbo, "3" inafanana na "8", na bado video haijabanwa hata mara moja. Hakuna kiwango cha ubora kitakachorudisha mstari huo. Dawa yake ni kurekodi eneo la 1280 kwa 720 tu la kioo, kuongeza ukubwa wa maandishi kwenye programu inayorekodiwa, na kutoa video kwa kipimo hicho hicho bila kupanua wala kupunguza. Jambo jingine ni rangi. Kodeki za kawaida huhifadhi rangi kwa robo tu ya pikseli, huku mwanga na giza vikihifadhiwa kwa pikseli zote. Maandishi membamba mekundu juu ya buluu hutegemea rangi peke yake, kwa hiyo huyeyuka. Meusi juu ya meupe hudumu.

Mfano mzito zaidi wa kitu kisichoruhusiwa kupotea kwenye picha upo wilayani Mbulu, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Aprili 2010 wahudumu wa Haydom walipata mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe, mpango wa kimataifa wa kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia mwanasesere wa mazoezi. Watafiti walipowapima miezi kadhaa baadaye, wahudumu walikuwa wamekuwa hodari zaidi kwa mwanasesere, lakini namna walivyowahudumia watoto halisi wodini haikuwa imebadilika. Kuanzia mwaka 2011 hospitali ikabadili utaratibu: mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, palepale wodini. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Fundisho hilo lilitoka Mbulu na limeathiri mafunzo ya wakunga mbali na Tanzania.

Kwa anayefikiria video, maana yake ni hii: somo la aina hiyo halitazamwi mara moja darasani likaisha. Muuguzi analirudia usiku, zamu ikiwa imetulia, akitaka kuona sekunde chache tu za hatua moja. Hatua inayobeba uhai ni ile ya kumpa mtoto pumzi kwa mfuko na barakoa, takriban mara 40 kwa dakika, huku mtoaji akitazama kama kifua cha mtoto kinainuka. Kisipoinuka, barakoa haijakaa, au kichwa kimeinama, au njia ya hewa imeziba. Kila kitu kinategemea kuona kifua kikiinuka.

Sasa itazame sekunde hiyo kama mashine ya kubana inavyoitazama. Kifua cha kichanga huinuka kidogo sana. Ngozi yake ni ya rangi moja, haina mistari wala madoa ya kushikwa na jicho la kodeki. Mwanga wa wodi ni wa juu na wa sare. Badiliko kati ya fremu moja na nyingine ni dogo kiasi kwamba mashine iliyopewa biti chache huhesabu miraba ile kama haijabadilika, ikanakili ya zamani na kusonga mbele. Wakati huohuo mkono wa mhudumu unakamua mfuko, kitambaa cha mauamaua pembeni kinatikisika, na biti zote zinakwenda huko. Matokeo yake ni video ambayo kila mtu ataiita safi, ila kifua kimelala tuli, kisha kinaruka ghafla kila fremu kuu mpya, ile inayohifadhiwa nzima, inapofika. Muuguzi anayejifunza kwa video hiyo anafundishwa kwamba kifua kisichosogea ni hali ya kawaida. Sijui uharibifu wa ubora ulio mbaya kuliko huo, na hauonekani kwenye kipimo chochote cha programu.

Tiba yake inaanza kabla ya kompyuta. Mwanga uwekwe ubavuni, ili kifua kikiinuka kivuli kitembee, maana kivuli ni badiliko la mwanga na kodeki hulithamini kuliko badiliko la rangi. Kamera isimame kwenye miguu mitatu, kwa kuwa mkono unaotetemeka hubadilisha kila mraba wa picha na kumaliza biti bure. Kitambaa kiwe cha rangi moja. Picha ikaribie kifua na barakoa, uso wa mwelekezaji usiwepo. Wakati wa kutoa, bora mistari 720 yenye biti za kutosha kuliko 1080 yenye njaa, na kipande hiki kipewe ubora wa juu kuliko utangulizi na hitimisho. Fremu kuu zipangwe kila sekunde mbili badala ya kila kumi. Faili litakua kidogo, lakini muuguzi akivuta nyuma kwa kidole atatua pale anapotaka. Halafu mtu mmoja ambaye hakuitengeneza aitazame kwenye simu ya bei ndogo na kuulizwa swali moja tu: pumzi ngapi zimeingia? Akishindwa kuhesabu, video haijafaulu, hata kama kila kitu kingine kinang'aa.

Kipimo hiki cha kuuliza swali ndicho ninachokitetea kwa kila somo. Katika hisabati: soma namba ya mstari wa tatu. Katika kilimo: jani hili lina viwavi au madoa ya kutu? Ubora ukipimwa kwa swali la somo, mabishano ya 720 na 1080 yanapata jibu lake.

Kilimo kina adui wake, naye ni upepo. Tambarare za Hanang ni za nyasi, mahindi na ngano. Huko Bassotu ngano ya mashamba makubwa ilienea kwa mradi wa msaada wa Kanada wa miaka ya 1970. Kwa macho ya binadamu, shamba linalopepea ni utulivu mtupu. Kwa kodeki ni picha ghali kuliko zote, kwa sababu kila jani linakwenda upande wake na hakuna mraba unaofanana na uliotangulia. Watengenezaji hupenda kufungua video kwa picha ya droni juu ya shamba kama hilo, Mlima Hanang ukiwa nyuma. Ukibana kwa biti za kudumu, sekunde hizo zitageuka uji. Ukibana kwa ubora wa kudumu, zitameza nafasi ya dakika kadhaa za mafunzo. Mimi ningezikata. Shamba lirekodiwe alfajiri kabla upepo haujaamka, jani lishikwe karibu, na mandhari ya nyuma iachwe nje ya fokasi. Shirika la Access Agriculture, linalosambaza video za wakulima kwa lugha nyingi pamoja na Kiswahili, lilitoa pia matoleo madogo ya kuangalia kwenye simu za kawaida. Huo ni uamuzi wa heshima: toleo dogo linaandaliwa na mtengenezaji mwenyewe kutoka kwenye faili la asili, badala ya kuachiwa bahati ya mtandao.

Sauti nitaipitia haraka, ingawa ni nusu ya somo. Kwa maneno ya mtu mmoja, kilobiti 64 kwa sekunde katika mkondo mmoja zinatosha, na hiyo ni chini ya nusu megabaiti kwa dakika. Kubana sauti zaidi ya hapo ni kuokoa senti. Huko Mbulu na Hanang wanafunzi wengi huanza na Kiiraqw au Kidatoga nyumbani, wakasoma Kiswahili shule ya msingi, kisha Kiingereza sekondari. Mtu anayesikiliza lugha yake ya tatu anahitaji kila konsonanti. Kinasa sauti cha kubana kwenye kola ya shati kitamsaidia kuliko kamera mpya.

Linabaki suala la njia. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na mambo yanaendelea kubadilika. Hata hivyo, penye vilima na mabonde kama ya Mbulu mnara mmoja haufiki mbali, na bando ni fedha ya mzazi. Kozi iliyojengwa juu ya dhana kwamba mtandao upo muda wote itawaacha watu hawa na ukungu nilioanza nao. Ushahidi kwamba ipo njia nyingine tunao hapa nchini. Kati ya mwaka 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili katika vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 3,000. Vishikwambi vilifika vikiwa vimepakiwa kila kitu, umeme ukatoka kwenye jua, na masomo hayakutegemea intaneti. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, walitangazwa Mei 2019. Hakuna mtoto aliyeona picha ikishuka ngazi, kwa sababu faili zima lilikuwa mkononi mwake.

Na vishikwambi sasa vipo hata nje ya majaribio. Vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, una mfumo wake wa kujifunzia chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na una vituo vya walimu vinavyowakusanya walimu wa shule za jirani. Viungo vyote vya mnyororo vipo: kituo kinapakua mara moja, au kinaletewa kwenye diski, walimu wanakuja na vishikwambi vyao, faili linanakiliwa bila kubanwa tena. Programu ya Moodle ya simu inaweza kupakua kozi ili itumike bila mtandao. Kolibri, iliyotengenezwa mahsusi kwa shule zisizo na intaneti, huweka masomo kwenye kompyuta moja ndogo darasani na wanafunzi wakayafungua kupitia Wi-Fi ya ndani. Masomo yenyewe yanaweza kuletwa kwa flashi.

Hapa mtengeneza kozi ana chaguo gumu kidogo. Kozi ikitolewa kwa SCORM, muundo ambao mifumo mingi ya kujifunzia inausoma, kila kitu hufungwa kwenye faili moja la zip, video zikiwemo. Faili linakuwa zito, seva inalikataa kwa sababu ya kikomo cha kupakia, na msimamizi anajibu: punguza video. Wengi hupunguza ubora hapohapo. Wengine huziondoa video na kuziweka YouTube, kozi ikabaki na kiungo tu. Faili linakuwa jepesi, lakini asiye na mtandao amebaki na kisanduku cheusi. Mimi ningemwomba msimamizi apandishe kikomo, jambo linalofanyika kwenye mipangilio ya seva kwa dakika chache, au ningeigawa kozi katika mafurushi madogo ya mada mojamoja. Kushusha ubora kiwe kimbilio la mwisho kabisa.

Kuhusu kodeki mpya, kishawishi ni kikubwa. H.265 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018 hutoa picha ileile kwa biti chache zaidi. Kwa seva na simu za kisasa ni neema. Kwa simu ya zamani isiyo na chipu ya kuzifungua, video inakwamakwama na betri inakwisha, au haifunguki kabisa. Kwa kozi inayokwenda mahali usipojua vifaa vyake, H.264 ndani ya MP4 bado ndiyo salama. Kwenye HandBrake weka alama pia kwenye kisanduku cha kuandaa faili kwa ajili ya wavuti: hicho huhamisha faharasa ya video kutoka mwisho wa faili kuja mwanzo, na video huanza kucheza kabla haijashuka yote. Haigusi ubora hata kidogo, na inamwokolea mtu bando pale anapogundua mapema kwamba somo silo.

Kabla ya yote haya, Tanzania ilikwisha kuifundisha dunia jambo ambalo watengeneza video wamelisahau. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Redio haikulazimishwa kubeba maandishi. Vilikuwepo vitabu vidogo vya kusomwa pamoja, na alikuwepo kiongozi wa kikundi wa kuanzisha mjadala. Kila chombo kilibeba mzigo kilioumudu. Leo tunachukua kurasa 12 za maandishi, tunazigeuza slaidi, tunazirekodi kama video ya dakika 40, kisha tunahangaika kwa nini herufi hazisomeki. Jedwali la dozi, fomula, orodha ya vifaa, hatua za kujaza fomu: hivyo viwekwe kama ukurasa wa kozi au PDF, ambapo herufi hubaki kali hata ikikuzwa mara kumi na uzito wake ni kilobaiti tu. Video ibaki na vile vinavyosogea, yaani mkono, kifua, mnyama anayechechemea, mdomo unaotamka. Somo la dakika 40 litashuka hadi dakika nane, na dakika nane hizo unaweza kuzipa biti zote zinazostahili.

Mwisho kuna faili la asili. Miradi mingi ya mafunzo huisha na nakala moja tu hai, ile iliyokwisha kubanwa na kuwekwa mtandaoni. Mhariri amehama, diski imefutwa ili ipate nafasi. Mtaala ukibadilika, au kosa moja la dozi likigundulika, kinachobaki ni kuhariri nakala iliyochoka na kuibana tena. Mkataba wa kutengeneza kozi udai vitu vinne vikabidhiwe pamoja na furushi la SCORM: picha za kamera kama zilivyorekodiwa, faili la kuhariria, sauti ya msimulizi ikiwa peke yake, na maandishi ya chini ya picha katika faili lake bila kuchomewa ndani ya video. Hivyo viwili vya mwisho vina faida ya pekee kwa Getanuwas. Sauti ikiwa peke yake, mkunga wa Kidatoga au wa Kiiraqw anaweza kusimulia hatua zilezile kwa lugha ya mama anayemhudumia, na picha ya kifua kinachoinuka isiguswe.